Nimepigwa tochi Texas, karatasi nimeificha chini ya soksi

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 29, mzaliwa wa Morogoro. Nilibahatika kwenye bahati nasibu ya viza, na sasa nina miezi minane Marekani. Naishi Fort Worth, Texas, kwa dada na shemeji, na kazi yangu ni ya usiku kwenye ghala la vifurushi. Leseni ya hapa ninayo. Gari ni la shemeji, ila kwenye bima jina langu limo.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa natoka kazini, saa kumi na mbili asubuhi, barabara nyeupe, mawazo yote yako kitandani. Nikaona taa nyekundu na bluu nyuma yangu. Nikadhani ana haraka zake, nikasogea kumpisha huku naendelea na safari. Alipopiga king'ora ndipo nikajua anayetafutwa ni mimi. Nikafanya kama tunavyofanya nyumbani: nikaegesha, nikashuka, nikamfuata nimpe salamu, pochi mkononi ili akiitaka leseni iwe karibu. Mjomba, sijafokewa vile tangu nilipokuwa JKT. Mkono wake ulishafika kiunoni. Nilirudi kukaa kwenye gari magoti yanagongana.

Akasema nilikuwa maili 52 kwenye barabara ya 40. Kwa hesabu za kwetu ni kama kilomita 84 mahali pa 64. Nyumbani angenipiga tochi, ningeandikiwa elfu thelathini yangu na maisha yangeendelea. Huyu akaandika karatasi ndefu, akaniambia nisaini. Nilisaini kwa woga, bila kusoma. Akanitakia siku njema akaondoka, na mimi nikabaki pale karibu nusu saa.

Tangu siku hiyo kila mtu ana lake. Rafiki yangu wa kazini, Mkongomani, anasema nikishasaini nimekiri, kwa hiyo nilipe kwenye simu leo leo iishe. Jirani yetu Mkenya anasema nipuuze, yeye anazo mbili na hajawahi kutafutwa. Binamu yangu wa Dar kanipigia usiku: "Tafuta mtu wa ndani pale mahakamani, kwani Mmarekani hali?" Na kwenye grupu la WhatsApp mtu kaandika kwamba tiketi yoyote ya barabarani, kama hii karatasi yangu, inakufutia uraia, na siku hizi watu wanarudishwa makwao kwa kitu kidogo kuliko hicho. Hapo ndipo usingizi uliponiishia.

Karatasi ipo kwenye droo, chini ya soksi. Shemeji hajui. Tarehe iliyoandikwa imebakiza siku tisa. Kiingereza changu ni cha ghalani: beba, sukuma, weka pale. Mahakamani sijawahi kuingia hata Morogoro.

Nifanyeje, Mjomba?

Mpwa wako mwenye droo, Fort Worth

*

Marahaba, mpwa wangu. Pole kwa kufokewa.

Anza kwa kuitoa hiyo karatasi chini ya soksi. Iweke mezani, washa taa, tuisome pamoja. Juu kuna namba ya kesi au ya tiketi. Chini yake kosa lako. Kisha kuna jina la mahakama, na tarehe. Hiyo tarehe ndiyo roho ya karatasi nzima. Wewe unasumbuka kwamba umehukumiwa, wakati hapo hujahukumiwa na mtu. Umeitwa tu. Na sisi tumelelewa hivi: mama akikuita unaitika kwanza, "bee" au "naam", ndipo uulizwe nani kavunja chungu. Mtoto anayepigwa mara nyingi ni yule aliyesikia akaitwa akakaa kimya nyuma ya nyumba. Texas iko hivyo hivyo.

Rafiki yako Mkongomani kakosea kuhusu saini. Kusaini tiketi Texas si kukiri kosa, ni kuahidi kwamba utaitika kabla ya tarehe. Tena kwa kosa la mwendo kasi saini hiyo ndiyo iliyokurudisha nyumbani, kwa sababu sheria ya jimbo inamtaka askari akuachie ukishaiweka. Makosa mengine mengi ya barabarani hayana kinga hiyo. Mwaka 1997, katika mji mdogo wa Lago Vista, huko huko Texas, mama mmoja aitwaye Gail Atwater alisimamishwa kwa sababu yeye na watoto wake hawakufunga mikanda. Faini ya juu kabisa ya kosa lile ilikuwa dola 50. Alifungwa pingu, akapelekwa mahabusu. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2001 majaji, watano kwa wanne, wakasema askari hakuvunja katiba. Nakusimulia hili ili ujue woga wako si wa kijinga, na pia ujue kwamba wewe, kwa kusaini, ulifanya jambo sahihi bila kujua.

Sasa jirani yako Mkenya, huyu wa kupuuza. Mpwa, mimi nilikuwa yeye.

Miaka mingi nyuma, nikiwa Houston, nilipewa tiketi ya kubadili njia bila kuwasha indiketa. Nikacheka. Indiketa! Mtu aliyewahi kuendesha Kariakoo saa kumi na moja jioni aje kusumbuliwa na indiketa? Nikaitupa kwenye kiboksi cha gari. Baadaye nikahama nyumba, na anwani kwenye leseni sikubadilisha. Mahakama ikaniandikia, maana hata wao kabla ya kutoa hati ya kukamatwa kwa kutofika mara ya kwanza wanatakiwa wakutumie taarifa na kukupa tarehe nyingine. Barua ikaenda nyumba ya zamani, ikapokelewa na mtu asiyenijua. Mwaka uliofuata nikasimamishwa kwa taa ya nyuma iliyoungua. Askari akarudi kwenye gari lake, akakaa muda mrefu kuliko kawaida, akaja na mwenzake. Nililala ndani nikiwa na sare ya kazi. Mkanda walichukua, kamba za viatu walichukua, alama za vidole vyote kumi walichukua. Kazi nilikuta ameshapewa mwingine. Yote hayo chanzo chake ni balbu ya indiketa ambayo ilikuwa nzima, sikuiwasha tu.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu hapo ndipo uhamiaji unapoingia, na wengi wanapaelewa kinyume. Tiketi ya maili 12 zaidi haina uzito mkubwa mbele ya ofisa wa uhamiaji. Kukamatwa, kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole kunaanza kuwa habari nyingine. Jirani yako "hajatafutwa" kwa sababu hakuna anayepita mlango kwa mlango kwa ajili ya tiketi. Anasubiriwa asimamishwe kwa jambo lolote dogo, au aende kuhuisha leseni akute imezuiwa, kwa kuwa mahakama nyingi za Texas hupeleka majina ya wasioitika kwenye mfumo unaozuia leseni. Mwambie, kwa upole, atafute tiketi zake. Na kutofika ni kosa jipya, linajumlishwa juu ya lile la kwanza.

Kulipa leo leo kwenye simu? Si dhambi, na kuna watu wenye haraka zao wanaofanya hivyo. Ila ujue unachonunua. Ukilipa faini, sheria inahesabu kwamba hukupinga kosa na umepatikana na hatia. Linaingia kwenye rekodi yako ya udereva, na kampuni ya bima ikiliona inaweza kupandisha malipo. Bima yenyewe ni ya shemeji. Unaona inavyoelekea.

Kuna mlango mwingine ambao ningekushauri upite, na kwa kosa lako ni haki yako, si hisani ya hakimu: kozi ya udereva salama. Masharti nakutajia uyapime mwenyewe. Uwe na leseni halali ya Texas ya kawaida, si ya malori ya biashara. Uwe na uthibitisho wa bima. Uwe hujafanya kozi hiyo kwa tiketi nyingine ndani ya miezi 12. Mwendo wako uwe haukuzidi kiwango kwa maili 25 au zaidi, wala haukufika 95, na isiwe sehemu ya ujenzi ambapo mafundi walikuwa kazini. Wewe umezidisha 12. Umepita kote.

Utaratibu wake ni huu. Kabla ya tarehe iliyoandikwa, na nasisitiza kabla au siku hiyo hiyo, si kesho yake, unaiambia mahakama kwamba unaomba kozi. Utajaza fomu ambayo ndani yake kuna maneno ya kukubali kosa au ya "sipingi". Nyingi ya mahakama za miji zinakubali ukienda dirishani, kwa posta au kwenye mtandao wao. Utalipa gharama za mahakama, ambazo kwa kawaida huangukia kati ya dola 100 na 200. Utapewa siku 90. Kozi ni ya saa sita, unaweza kuisoma kwenye simu ukiwa kitandani, ingawa nakuonya inachosha kama hotuba ya mgeni rasmi aliyechelewa. Hakikisha ni kozi iliyoidhinishwa na jimbo. Kisha unaagiza rekodi yako ya udereva kutoka idara ya usalama ya Texas, ile aina wanayoiita 3A, kwa dola kumi na kitu. Unapeleka mahakamani cheti na rekodi kabla ya siku 90 kwisha. Kosa linafutwa, na kampuni ya bima hairuhusiwi kukupandishia malipo kwa sababu yake.

Wanaoharibikiwa hapa huwa wamemaliza kozi vizuri, wakasahau kupeleka cheti. Kipeleke.

Kama unaamini hukuwa kwenye 52, una haki ya kusema huna hatia na kesi ikasikilizwa, hata mbele ya baraza la wazee wa mahakama, na askari aje aeleze tochi yake ilisema nini. Kwa barua yako sioni kwamba unabisha. Na siku ukikwama fedha, usijifiche kwa aibu. Mwambie hakimu ukweli, uonyeshe hati za mshahara: anaweza kukugawia malipo kidogo kidogo, kukupa kazi za jamii badala ya fedha, au kupunguza.

Lugha isikutishe. Piga namba iliyo kwenye karatasi, taja jina lako na namba ya tiketi, kisha sema "Swahili interpreter, please" na unyamaze. Watakusubirisha, usikate. Ukifika mbele ya hakimu na Kiingereza hakikutoshi, mkalimani ni jukumu la mahakama, na mara nyingi huwa kwenye simu ya mezani. Huyo rafiki yako wa kazini akija kupata tiketi yake, aseme mapema kwamba Kiswahili chake ni cha Kongo. Nimeshuhudia mkalimani wa pwani na mama wa Uvira wakipotezana kwenye neno moja mpaka hakimu akaomba maji.

Binamu yako wa Dar namjibu kwa kifupi. Kumpa hongo mtumishi wa umma Texas ni jinai ya daraja la pili, kifungo cha miaka 2 hadi 20. Kosa la faini ya dola mia na kitu utaligeuza kuwa tiketi ya ndege ya kwenda upande mmoja. Na ile pochi mkononi, mpwa, yule askari hakuiona kama salamu. Kitu cheusi mkononi mwa mtu anayemjia, alfajiri, hakijulikani ni nini. Siku nyingine ukiona taa zile: indiketa ya kulia, sogea pembeni, zima injini, shusha kioo, washa taa ya ndani kama ni giza, mikono miwili juu ya usukani, na usishuke mpaka uambiwe. Kabla hujachukua kitu mfukoni, sema unachukua nini. Grini kadi tembea nayo, sheria inamtaka mkazi wa kudumu aliyetimiza miaka 18 awe nayo wakati wote.

Haya, uraia. Wewe umeingia na ukazi wa kudumu, kwa hiyo kwa kawaida utaomba baada ya miaka mitano. Fomu ile, N-400, itakuuliza kama umewahi kukamatwa, kuandikiwa tiketi au kushikiliwa na askari wa aina yoyote. Jibu lako litakuwa ndiyo. Hata kosa likiwa limefutwa kwa kozi, jibu ni ndiyo. Maelekezo ya fomu yenyewe yanasema tiketi ya barabarani isiyo na kukamatwa, isiyo na pombe wala dawa za kulevya, ambayo adhabu yake ilikuwa faini ya chini ya dola 500, haihitaji uambatanishe nyaraka. Mimi ningezibeba tu siku ya usaili. Ofisa aliponiuliza kuhusu ile indiketa yangu nilimpa karatasi ya mahakama, akaisoma kwa sekunde kumi, akaenda swali linalofuata. Kilichomtuliza ni karatasi. Ningejibu "hapana" huku alama zangu za vidole ziko kwenye kompyuta yake, hapo tungekuwa na maongezi mengine, maana kudanganya kwenye fomu kunahukumiwa kuliko mwendo kasi.

Sitakudanganya kwamba hali ni ile ile ya zamani. Agosti 2025 idara ya uhamiaji ilitoa waraka unaowataka maofisa waupime mwenendo wa mwombaji kwa upana zaidi, na humo yametajwa makosa ya barabarani ya kizembe au ya mazoea. Tiketi moja ya maili 12 si mazoea. Nne kwa mwaka mmoja zinaanza kufanana nayo. Kwa hiyo aliyeandika kwenye grupu lenu kachukua punje ya ukweli akaipikia sufuria la uongo. Ila wasomaji wengine nisiwaache hapa: kama kesi yako ya kuomba hifadhi ya ukimbizi bado inasikilizwa, kama huna leseni, au kama kwenye tiketi yako kuna pombe, usifuate barua ya mpwa huyu. Tafuta wakili wa uhamiaji mwenye kibali kabla hujakubali chochote mbele ya hakimu. Na mlio majimbo mengine, tarehe na kozi zenu zina kanuni zake. Kuna majimbo yanayohesabu pointi kwenye leseni, Texas haina hizo.

Ukianza kushughulika na hili, utapata meseji kwenye simu: una faini haijalipwa, bonyeza hapa, leseni yako itafungiwa usiku wa leo. Mwaka 2025 zilienea kama mafua. Futa. Faini yako unaifahamu kwa namba iliyo kwenye karatasi yako, na mahakama unaifikia kwa namba hiyo hiyo, si kwa kiunganishi ulichotumiwa na mtu.

Limebaki la shemeji, na nadhani hili ndilo lililokufanya uandike kwangu badala ya kuuliza sebuleni. Mwambie leo. Barua ya mahakama itakuja kwenye sanduku lake la posta, yenye jina lako, na ni afadhali aisikie kutoka kinywani mwako kuliko kutoka kwa bahasha. Utamhitaji pia kwa kadi ya bima. Mkute akiwa ameshakula, kaa chini, mwambie "shemeji, nilipigwa tochi, nimepanga hivi na hivi." Ukija na mpango hatakufokea sana. Mtu aliyekaa Texas miaka mingi bila tiketi sijamwona. Yawezekana naye ana droo yake.

Kama una mpango wa kuhama kwao, badilisha anwani kwenye leseni ndani ya siku 30, na uhamiaji uwaarifu ndani ya siku 10. Mimi mnajua ilivyonigharimu.

Simu piga kesho saa mbili asubuhi, ukitoka kazini, kabla hujalala, maana ukilala utaamka jioni na dirisha lao limefungwa. Andika jina la karani uliyeongea naye na saa. Cheti cha kozi kikitoka, toa nakala tatu: moja ya mahakama, moja kwenye barua pepe yako, ya tatu mpe dada akutunzie pamoja na pasi yako ya kusafiria. Soksi ziachie droo yake.

Mjomba